Ng'ombe Kumi na Wawili wa Mayunga

Jumamosi saa tisa alasiri, kabla ya mazoezi, Mayunga alikuwa akitafuna kipande cha tangawizi mbichi, akinywa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kisha akienda nyuma ya pazia na kulia kama ng'ombe. Pazia lenyewe ni kanga mbili zilizoshonwa pamoja na kutundikwa kwenye kamba darasani. Siku za mnada kazi yake ni kuswaga ng'ombe wapande mizani pale Bariadi, na kwa miaka kumi na minne amezijua sauti zao. Alikuwa nao kumi na wawili, kila mmoja na mlio wake: dume mzee mwenye kikohozi, jike anayemtafuta ndama, mtamba mwoga, wengine wale wa kawaida, na wa mwisho anayechechemea, ambaye mlio wake hukatika katikati kila akikanyagia mguu mbovu.

Kikundi chao kinaitwa Juhudi. Kina watu tisa na hakuna anayelipwa. Mwandishi na kiongozi ni Mwalimu Specioza, mstaafu aliyefundisha darasa la tatu maisha yake yote, naye huandika michezo kwenye madaftari ya mistari na kuwasahihishia wasanii kwa kalamu nyekundu. Mavazi wanatoa kwenye masanduku yao wenyewe. Asikudanganye mtu, Simiyu yote hakuna kikundi kama kile. Walipoigiza mchezo wa mbegu feki za pamba kule Kiloleli, watu walikataa kuondoka mpaka onyesho la msiba lirudiwe, na liliporudiwa wakalia upya kana kwamba marehemu alikuwa mwingine.

Mchezo wao wa mwaka jana uliitwa "Mahari ya Salu". Baba mmoja anapokea ng'ombe kumi na wawili kutoka kwa mzee tajiri wa Meatu ili amwoze binti yake Salu, ambaye hakuulizwa. Katika onyesho la tatu ng'ombe wanaingia zizini. Katika onyesho la nne, ambalo ni la mwisho, Salu anakataa mbele ya wazee, baba anafungua zizi, na ng'ombe wanarudi walikotoka. Mzee wa Meatu haonekani jukwaani, kwa sababu watu tisa walikuwa wamekwisha gawiwa nafasi na hakubaki wa kumwigiza. Ng'ombe nao hawaonekani. Wapo kwa sauti ya Mayunga tu, na sauti hiyo inatosha kabisa. Popote walipoigiza, akina mama wa mstari wa mbele walivuta miguu ya watoto wao ili isikanyagwe.

Aliyeigiza Salu ni Milembe, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Zagayu. Alikuwa akishona nguo Bariadi huku akisubiri mwezi wa tatu, maana alishapata nafasi chuo cha uuguzi Mwanza. Barua ya chuo aliitunza ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya Biblia. Jukwaani alikuwa na kipaji cha kusimama tu, bila kusema, na watu mia tatu wakanyamaza.

Mwezi wa kumi na moja kikundi kikaenda kuigiza Zagayu, nyumbani kwao, kwenye uwanja wa shule. Onyesho la tatu lilikwenda vizuri kuliko siku zote. Mayunga aliwaingiza ng'ombe wote kumi na wawili, na yule anayechechemea alipofika mzee mmoja akasema kwa huruma kwamba mnyama huyo anahitaji kufungwa mguu. Hapo mvua ikaanza. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, na hakuna aliyeilaumu. Watu walikimbia huku wakicheka, kila mtu akiwaza mbegu. Mwalimu Specioza alikunja pazia lililolowa, akasema onyesho la nne litamaliziwa siku nyingine.

Alfajiri ya kesho yake, Machibya, baba yake Milembe, alitoka nje na kusimama kando ya zizi lake. Lilikuwa tupu kwa miaka miwili, tangu ukame ulipommalizia ng'ombe wote.

"Mama Milembe," aliita. "Njoo usikie."

Mkewe Generoza alikuja na mwiko mkononi, akasikiliza kidogo.

"Ni kumi na wawili," alisema. "Mmoja anachechemea."

Hawakuonekana, lakini walikuwapo. Kinyesi chao kilionekana, nyayo zilionekana, na maziwa yalionekana mara tu yalipoanguka kwenye ndoo. Machibya aliwapapasa mmoja mmoja kuanzia nundu hadi mkia, na alipomfikia dume mzee akaegemeza paji la uso ubavuni mwake, akakaa hivyo mpaka jua likatoka. Mtu aliyeishi miaka miwili na zizi tupu hawezi kuulizwa swali refu kuhusu ng'ombe.

Majirani walikuja kumpongeza. "Mwangaluka, Machibya," walisema, na baada ya salamu wakasifu harufu ya zizi. Bwana mifugo alikuja na pikipiki, akawachanja ng'ombe na kuwavalisha hereni za utambuzi. Alilalamikia jambo moja tu, kwamba ilimbidi kuyatafuta masikio kwa mikono. Tangu siku hiyo, ukipita Zagayu asubuhi, ungeona hereni kumi na mbili za njano zikielekea malishoni kwa mstari, moja ikipanda na kushuka zaidi ya nyingine.

Jumapili mwenyekiti wa kijiji, Luhaga, aliketi na wazee na shauri likaisha kabla chai haijapoa. Ng'ombe wakiingia zizini, binti ameolewa. Hilo halikuhitaji kikao, lakini walikaa kwa heshima.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Milembe. "Ule ulikuwa mchezo."

"Marahaba, mwanangu. Sisi sote tulikuwapo. Mliigiza vizuri sana."

"Basi mume wangu ni nani?"

"Mzee wa Meatu."

"Hayupo, mwenyekiti. Mwalimu hakumwandika."

Luhaga alifikiri, maana alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoielewa. "Ng'ombe hawakuonekana na wamo zizini," alisema. "Nani alisema bwana harusi lazima aonekane?"

Milembe alimgeukia baba yake. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Baba, mwezi wa tatu naenda chuo."

"Ruhusa ni ya mwenye ng'ombe," alisema Machibya, akitazama chini. "Nimeshamwulizia kwa watu wa Meatu. Bado hajajibu."

Ndivyo Milembe alivyorudishwa nyumbani kungoja jibu. Jioni alipika ugali wa watu wanne wakala watatu. Machibya alimsifu mkwe wake kwa majirani. Alisema ni mtu mpole, hajawahi kumjibu vibaya, na hajaomba hata kikombe cha maji. Generoza alisikia hayo yote akichambua mchicha, akasema tu kwamba na yeye alipoolewa hakumjua mtu, ila mtu huyo angalau alikuwa na kivuli.

"Toroka," Mwalimu Specioza alimwambia Milembe kwa simu.

"Nikitoroka, Mwalimu, mama ndiye atakayeulizwa ng'ombe."

Mwalimu alifungua daftari, akaona jinsi mambo yalivyokuwa. Kosa lilikuwa la kikundi. Ng'ombe waliingia kwa onyesho la tatu, nao wangetoka kwa onyesho la nne, na onyesho la nne halikuchezwa. Mwezi wa pili alikodi pikapu, akawapakia wasanii wote, akaenda Zagayu kuongea na Machibya. Alimkuta chini ya paa jipya la mabati linalong'aa, akamsifu kwa paa hilo kama inavyotakiwa.

"Mwalimu, mimi si mwizi," alisema Machibya. "Mchezo ukiisha, ng'ombe waende." Alisema kweli, na alisema bila furaha. Usiku ule Generoza alimsikia akienda zizini mara tatu.

Onyesho la nne lilichezwa Jumamosi, palepale uwanjani. Walikuja watu mpaka kutoka Lingeka, wengine wamebebana watatu watatu kwenye baiskeli. Milembe alisimama mbele ya wale wazee wa kuigiza, na nyuma yao, kwenye viti vya plastiki, wazee wenyewe. Maneno ya daftarini yalikuwa ukurasa mzima. Aliyasema yote bila kukosea hata moja, na alipoyamaliza akaongeza neno moja ambalo Mwalimu hakuliandika, kwa Kisukuma, lugha ya jikoni kwao: "Nalema." Nakataa. Hakulipaza. Watu waliokuwa nyuma kabisa wanasema walilisikia kana kwamba wamenong'onezwa sikioni. Wanawake walilia, wanaume wakatafuta vitu vya kutazama pembeni. Hakuna aliyewahi kuona uigizaji wa namna ile, na Mwalimu Specioza, ambaye hajawahi kumpa mtu alama mia kwa mia tangu aanze kazi, alifunga daftari lake.

Nyuma ya pazia Mayunga akaanza kuwaita. Alilia kama dume mzee, na ng'ambo ya mashamba hereni ya kwanza ikatoka kwenye geti la zizi. Akalia kama jike mwenye ndama, ikatoka ya pili. Zilikuja moja moja, zikapita kando ya jukwaa, zikashika njia ya Meatu. Watu waliwapisha na wengine waliwaaga. Alipolia wa kumi, wa kumi akapita.

Alilia kama mtamba mwoga. Hakikutoka kitu. Akalia tena. Akalia kama yule anayechechemea, mlio ukikatika katikati, mara tatu, mpaka sauti ikamwisha. Geti lilibaki wazi na zizi lilikuwa kimya.

Machibya alisimama, akavua kofia. Alisema wale wawili aliwauza baada ya Krismasi, mnadani Bariadi. Walipata bei ya kawaida, maana mizani haiulizi kama ng'ombe anaonekana. Akaonyesha nyumba yake kwa kidole, na watu wote wakalitazama paa.

Mayunga alitoka nyuma ya pazia. "Nilimsikia," alisema kwa sauti iliyokauka. "Siku ile mnadani. Yule anayechechemea. Nilimpandisha kwenye mizani kwa fimbo yangu mwenyewe. Nikadhani ni sauti yangu inanirudia." Alikaa chini kwenye vumbi.

Mwenyekiti Luhaga alizungumza na wazee kwa dakika chache. Kumi si kumi na wawili. Msichana amekataa, na amekataa vizuri sana, kila mtu ameridhika na namna alivyokataa. Lakini binti huachika ng'ombe wakirudi wote. Kikundi kikaomba kuchanga kinunue wawili wengine. Wazee wakasema ng'ombe wa kurudisha mahari hutoka kwa baba wa binti. Mayunga akaomba kulia wawili wapya, wazima kabisa, hata bure. Wazee wakamshukuru. Wakamwambia hao wangekuwa ng'ombe wa Mayunga, na Mayunga hana binti. Wakati wakijadiliana, zile hereni kumi zilisimama kule njiani, zikageuka, zikarudi zizini. Kundi lisilotimia halisafiri.

Machibya aliingia zizini kuwahesabu. Alikuwa akilia, na watu hawakujua kama ni kwa ajili ya ng'ombe au ya binti, na huenda yeye pia hakujua. Alimwambia Milembe, "Nisamehe, mayu." Kwao mayu ni mama, na baba humwita hivyo binti anayempenda. Milembe alimjibu kwamba mabati ni mazuri na hayavuji.

Sifa za onyesho lile zilienea. Ikaja barua kutoka ngazi ya wilaya ikialika kikundi cha Juhudi kuonyesha "Mahari ya Salu" Siku ya Wanawake, tarehe nane ya mwezi wa tatu. Mwalimu Specioza alikubali, na akatangaza pia michezo miwili ijayo, mmoja wa fisi na mmoja wa uchaguzi wa chama cha msingi. Siku hizi haandiki kitu kuingia jukwaani kabla hajaandika kinavyotoka. Mayunga ameacha ng'ombe. Kwenye mchezo wa fisi analia kama mbuzi, na tayari watu wanasema ni mbuzi wa ajabu.

Ili Milembe asafiri, ilihitajika ruhusa ya mume. Kwa kuwa mume alikuwa bado hajajibu, mwenyekiti aliandika barua kwa niaba yake, akaipiga muhuri. Ilisema mke wa mzee wa Meatu anaruhusiwa kwenda kuigiza na kurudi siku hiyohiyo.

Siku ya Wanawake aliigiza mbele ya watu elfu moja, wenye vitenge vya sare. Aliposema "Nalema" mgeni rasmi alisimama, meza kuu yote ikasimama, na uwanja mzima ukapiga makofi mpaka kunguru wakaruka kwenye miti. Kikundi kilipewa cheti. Ilikuwa Jumapili. Kesho yake, Jumatatu, chuo cha uuguzi kilifunguliwa Mwanza.

Jumapili hiyohiyo, kabla giza halijaingia, Milembe alipita kwa mwenyekiti, kwani kurudi nako kulihitaji muhuri. Luhaga alikuwa uwanjani siku nzima na macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Umenitoa machozi, mwanangu," alisema, akigonga muhuri. "Mtu mzima mimi, nimelia mbele za watu. Usiache kuigiza. Umenisikia? Usiache."

"Nimesikia, mwenyekiti."

Aliupulizia wino ukauke, akamrudishia barua yake kwa mikono miwili.

"Haya, wahi nyumbani," alisema. "Mumeo hajala."