Jicho la Kipima Kina

Watu wa mwaloni, pale boti zinapoegesha, walipocheka, Zuleha aliona wamemcheka yeye. Mayala, nahodha wa boti yake, alikuwa mbele ya mwenyekiti wa mwalo, kofia mkononi, akirudia yaleyale: kipima kina kinafanya kazi boti ikiingiwa na maji tu, akiyachota yakaisha, skrini inanyamaza. Ndiyo maana hakujua amekaribia mwamba, boti ya faiba ikachubuka tumbo, na abiria wakapiga mayowe.

"Kwa hiyo tuzame kwanza ndiyo tujue kina?" aliuliza Swaleh, fundi aliyekifunga. Kicheko kikaanza upya.

Mwenyekiti akakata shauri: Mayala asishike tena usukani. Mtu aliyezeekea ziwani! Damu ilimchemka Zuleha. Nahodha wake anavuliwa kazi kwa mzaha wa fundi, tena fundi wa nchi kavu, aliyezoea kutengeneza mashine za kutafutia dhahabu kule machimboni Rwamgasa.

"Twende botini," Zuleha alimwambia Swaleh.

"Mama, kifaa ni kizima. Huyu nahodha ndiye..."

"Nimesema twende!"

Boti ilikuwa inaelea karibu na ufukwe. Swaleh akaifuata kwa miguu, maji yakamfika kifuani, akasimama ubavuni mwake. Zuleha alipanda na Mayala, akawasha skrini. Tupu. Akainua ubao wa sakafu. Chini kulikuwa kukavu, maana Mayala haachi maji botini. Jicho la kipima, linalotuma sauti chini ya boti, lilikuwa limefungwa kwenye kibati, limeachana na faiba ya tumbo la boti kwa upana wa kidole.

"Mbona linaning'inia?"

"Ndivyo inavyotakiwa," Swaleh alijibu. "Mashine ya dhahabu huigusishi chini, itapiga kelele ovyo. Unaiacha juu kidogo."

"Dhahabu!" Zuleha akasonya. "Mimi natafuta dhahabu humu?"

Akachota ndoo ya maji, akayamwaga mle chini kwa hasira zake zote. Maji yakajaza ule mwanya, yakalifikia jicho. Skrini ikapepesa, kisha ikaandika: mita moja nukta mbili. Zuleha na Mayala wakamtazama Swaleh, aliyezama hadi kifuani.

"Chota," Zuleha alimwambia Mayala. Mayala akachota yakaisha. Skrini ikanyamaza.

"Kumbe halipendi mwanya wa hewa," Swaleh alisema, akijichekesha. "Jambo dogo. Nalibandika kwa gundi, ligusane na faiba kabisa. Lakini mngenieleza mapema, mama."

"Tungekueleza? Si amekueleza huyu, mbele ya mwalo mzima?"

Kutoka ufukweni, alikosikia yote, mwenyekiti akapaza sauti kwamba yaishe, usukani ni wa Mayala. Zuleha hakumtazama. Yaishe vipi? Mtu amefanywa kichekesho hadharani, halafu arudishiwe jina lake kimyakimya?

"Waambie," alimwambia Swaleh.

Swaleh aliwatazama watu waliojaa ufukweni. Mkuki kwa nguruwe! Akaanza kusema kwamba kosa lilikuwa lake, Mayala alisema kweli. Alisema kwa sauti ya mgonjwa.

"Paza sauti," alisema Zuleha. "Ulipomcheka tulikusikia wote."