Nyufa za Kibati cha Buluu

Mzee Evelio alikuwa na majivuno ya kutosha mtaa mzima, na bintiye Odalys hakupungukiwa. Ndiyo maana hawakuelewana tangu binti alipoleta mashine yake kwenye uwanja wa majaribio ya rangi, kusini mwa Miami. Ilikuwa sanduku lenye taa kali na maji. Lilitesa vibati vilivyopakwa rangi ya gari kwa miezi michache tu, kisha Odalys akatabiri jua la Florida lingevifanya nini kwa miaka mitano. Rangi ya buluu, alisema, itapasuka. Evelio, aliyezeeka akikagua vibati vilivyoanikwa uwanjani, alicheka hadi akakohoa.

"Jua halifungiwi sandukuni, mwanangu!"

Leo miaka mitano ilikuwa imetimia. Wageni wawili kutoka kiwanda cha rangi, Trudy na Garrett, walikipapasa kibati cha buluu kilichoanikwa juani tangu siku ile, wakatazamana. Kilimeremeta. Wakasema ni kizima. Odalys aliingiwa na hofu, maana mashine ikionekana mwongo ingeuzwa kama chuma chakavu, na yeye asingesikilizwa tena.

"Tumsikie Evelio kwanza," alisema Trudy.

Mzee akavaa glavu, akakiinamisha kibati kwenye mwanga kama mtu anayetafuta mwiba kidoleni. Angekirudisha mezani tu, angekuwa ameshinda.

"Kimepasuka," akasema. "Nyufa nyembamba, hapa pembeni. Leteni kioo cha kukuzia."

Trudy akachungulia. "Lo! Kweli kabisa."

"Pole, mzee," Garrett akatania. "Sanduku limekula kazi yako."

"Kazi ipi?" Evelio akafoka. "Limetabiri, sawa. Nani amekwambia kwamba limetabiri kweli? Si jicho hili? Mlikuwa mnaondoka na uongo mfukoni, nyie!" Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, ulijuaje?"

"Wenzangu walikuwa wanaongeza taa tu, baba. Mimi nilizima taa, nikaviloweka kutwa kucha. Si wewe uliyekuwa ukipiga kelele mezani kwamba rangi inauawa na umande?"

Mzee akavua glavu polepole.

"Huyu ni binti yangu," akawaambia wageni, kana kwamba hawakujua. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, mpaka wafanyakazi wa safu za mbali wakageuka kutazama, na Odalys, kwa fahari, hakumnyamazisha.