Alama Zote Zinahesabiwa

…wastani tatu nukta moja saba, hebu rudia Odile, najiambia, labda kidole kimeteleza, A ni pointi nne, B ni tatu, F ni sifuri, zidisha kwa uniti za somo, jumla mia moja tisini, gawanya kwa sitini, tatu nukta moja saba tena, balaa gani hii, na chuo cha udaktari ninachokitaka hakifungui hata fomu ya mtu aliye chini ya tatu nukta mbili kwenye sayansi, na hapa mezani Mama anamenya kamba wa mtoni, mdomo haupumziki, "…eti Verna anasema mchuzi wangu wa gumbo mwepesi, Verna! Aliyeunguza wali kwenye msiba wa mumewe!" mmh, namwitikia, mmh, macho kwenye kompyuta, kwenye ile F ya kemia, nilikuwa na miaka kumi na tisa, mafuriko yaliingia mpaka ndani ya jokofu, nikawa nabomoa kuta zilizooza badala ya kwenda maabara, na Mama nikamwambia darasa limeahirishwa, mwongo mkubwa mimi, baadaye nikairudia nikapata A, chuo chetu kikaifuta ile ya kwanza kwenye wastani, nikabaki na tatu nukta tatu tisa, nimetamba nayo miaka tisa, kumbe fomu hii haifuti kitu, inahesabu zote mbili, ya aibu na ya jasho…

"Unanisikia wewe?"

"Nakusikia, Mama."

"Nimesema nini?"

"Verna."

"Verna nimemmaliza zamani!" na anaendelea, sijui ni habari za padri sasa, mimi namsikia yule mshauri wa wanafunzi akinitazama juu ya miwani, akiniambia baki na kazi yako ya gari la wagonjwa, binti, unaimudu vizuri, nilimchukia, bado namchukia, lakini tatu nukta moja saba, labda alijua… ngoja, ngoja kwanza, lile somo la takwimu, nililosoma idara ya sosholojia, nimeliweka kundi la sayansi ya jamii kwa sababu ya jina la idara, na maelekezo yako hapa hapa, tazama kilichofundishwa, usitazame idara, na sisi tulifundishwa nini kama si hesabu tupu, uwezekano, mkengeuko, muhula mzima sikuona hata mwanadamu mmoja mle darasani ila namba, basi ni hesabu, na hesabu fomu inaihesabu pamoja na sayansi, si ujanja, ni haki yangu, uniti tatu, A, pointi kumi na mbili, mia mbili na mbili gawanya kwa sitini na tatu, taratibu Odile, tatu nukta mbili sifuri sita, Mungu wangu, rudia, tatu nukta mbili sifuri sita, nimevuka! na ile sifuri imo ndani, haijafutwa, haijafichwa, nimevuka nayo mgongoni, naona raha mpaka machozi, na mtu aliyeweza hivi anaogopa nini tena…

"Mama, mwaka ule wa mafuriko nilifeli kemia. Darasa halikuahirishwa."

Vidole vyake haviachi kumenya. "Miaka kumi, ndiyo unaniambia leo?"

"Leo. Na nitakuwa daktari."

Ananitazama, anaitazama kompyuta, ananisogezea bakuli la kamba.

"Haya, daktari, nawa mikono umenye."