Kabati la Bwana Laskey

Marlene Pruchnik alikuwa ameendesha roli la makontena ya taka mjini Erie kwa miaka kumi na tisa, na hakuhitaji kushuka ili ajue mambo yameharibika. Jumanne alikuwa ameteremsha kontena tupu mbele ya nyumba ya Bi Bernadette Osiecki. Leo Ijumaa asubuhi lilikuwa limefura kama mkate uliozidi hamira. Juu kochi, juu ya kochi godoro, na kando yake kabati refu limesimama wima kama askari wa zamu.

"Mama, hili siwezi kulibeba," alisema. "Taka zikipita ukingo, turubai halifungi. Nikikamatwa barabarani, leseni ndiyo basi tena."

Bi Bernadette, mjane wa miaka themanini na moja aliyekuwa akitoa vitu vya marehemu mumewe, alijikunyata ndani ya koti. "Mwanangu, mimi nilijaza nusu tu. Kila nikiamka nakuta limeongezeka. Hilo kochi sijawahi hata kulikalia."

"Unamshuku nani?"

Bibi alielekeza kidevu ng'ambo ya barabara, kwa Bwana Vernon Laskey. Pazia la dirisha lake likatikisika. Ni Laskey huyuhuyu aliyeandika barua mbili wiki hiyo kulalamika kwamba kontena linachafua sura ya mtaa.

Kumgongea mlango kungekuwa kazi bure. Angekana mchana kweupe. Marlene akapanda ngazi ya kontena, akafungua mlango wa kabati, akapiga mluzi.

"Mama wee! Hili kabati umelitoa wapi?" alipaza sauti mtaa mzima usikie. "Kuna watu Pittsburgh wanayatafuta makabati haya kwa udi na uvumba!"

Bibi alimtazama kidogo, kisha macho yakamng'aa. "La marehemu Casimir hilo!" alijibu, kwa sauti ambayo Marlene hakujua anayo. "Kwani lina thamani?"

"Kaa chini kwanza, mama, usije ukazimia!"

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Laskey alivuka barabara mbio, ndala miguuni, akikanyaga theluji ya Aprili. "Hilo kabati ni langu!"

"Lako? Humu limeingiaje?"

"Li... liliwekwa kwa bahati mbaya."

"Na kochi? Maana hivi vinakwenda pamoja, bwana. Mnunuzi akikosa kimoja hagusi kingine."

"Vyote vyangu!"

"Na godoro?"

"Nimeshakwambia, vyangu!"

Basi akabeba. Marlene alimsaidia kushusha, kisha akakaa kwenye kidato cha roli na kahawa yake, akimwelekeza: "Polepole hapo kwenye kona, mzee, usilikwaruze!" Laskey alikwenda na kurudi, jasho likimtiririka kwenye baridi ile, akakomba hata choo cha kukalia cha rangi ya waridi. Kabati aliliacha mwisho. Alipolifikisha katikati ya barabara, ubao wa nyuma wa kabati uliolowa ulipasuka, ukamwaga vumbi la mbao mithili ya unga.

"Hii si mbao!" alifoka. "Ni takataka ya gundi! Si umesema watu wa Pittsburgh..."

"Wanayatafuta, bwana. Sikusema hili ni mojawapo."

"Basi navirudisha vyote!"

"Baada ya kukiri mbele ya mashahidi?"

Majirani wawili waliokuwa barazani walipiga makofi. Laskey akaburura mabaki ya kabati hadi gereji, akavuta mlango. Haukufunga, kochi lilikuwa limeziba njia.

Bi Bernadette alimvuta Marlene mkono. "Mwanangu," alinong'ona, "kile choo ni changu."

"Nini?"

"Casimir alikifunga mwaka tulipooana. Miaka hamsini nilimsihi akitoe." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango wa roli asianguke, na machozi yakaja yenyewe. Hakuyafuta haraka. "Tangu mazishi sijacheka. Casimir angekohoa kwa kicheko."

Marlene alilifunika kontena kwa turubai, akalirudisha roli nyuma na kulinasa kontena kwa waya wa chuma.

"Naomba nivute mimi huo wenzo wa kulipandishia," bibi akasema.

Marlene alimwekea mkono mahali pake, akaushikilia. Waya ukakaza, na kontena likapanda reli polepole, likipiga kelele ya kutoboa masikio, huku Bi Bernadette akilihimiza kwa Kipolandi, lugha ya wazazi wake.