Hatua Nne Kutoka Ukutani

Jumanne, tarehe kumi na nne, saa mbili asubuhi, mto ulimeza choo cha mchimba mchanga. Ndiyo kwanza atoke humo, mkanda hata haujafungwa. Alisikia kishindo, akageuka, akaona bati linaelea.

"Mungu kakuwahisha," mama mkwe wake alisema dirishani. "Ungekwenda na mzigo wako."

Tangu mkewe afariki, alibaki na bibi huyo tu. Miguu ilishamkatalia bibi, na chumba chake ndicho kilichofuata kumezwa: hatua tisa kutoka ukutani hadi ukingoni. Wahame? Waende wapi, na kwa kipi?

Chanzo mchimba mchanga alikijua. Mkaguzi wa mto aliruhusu malori yachimbe kona ya juu, yakaondoa ukingo uliokuwa ukiyavunja maji nguvu. Sasa mto ulishuka mbio, ukiguguna udongo. Alipokwenda kulalamika ofisini, mkaguzi hakuinua hata macho kwenye simu.

"Mzee, hiyo ni mvua. Kamshitaki Mungu."

Shule hakuijua sana, lakini miaka ishirini ndani ya maji ya kiuno ilimfunza. Maji yenye haraka hubeba hata mawe. Yakipunguza mwendo hutua mzigo: kokoto kwanza, kisha mchanga, tope mwisho. Basi alikata matete na matawi ya miiba, akayafunga mafungu, akayapigilia vigingi ukingoni, yakachomoza kuelekea katikati ya mto.

"Unawajengea samaki nyumba?"

"Nayapunguza maji mbio, mama."

"Wewe? Hata uji ukifurika unakushinda!"

Mvua ilinyesha siku tatu. Hatua tisa zikawa sita, sita zikawa nne. Ijumaa asubuhi alihesabu mara mbili: nne. Jumamosi: nne vilevile. Maji yalipokupwa, nyuma ya matete palikuwa pamelala fungu la mchanga safi, limetandaa kupita urefu wa nyumba. Aliukanyaga mchanga kwa kisigino, haukudidimia. Akakaa kitako akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akambeba bibi mgongoni, akamketisha juu ya mchanga huo.

"Kumbe una akili," bibi alisema, akichota mchanga kwa kiganja. "Binti yangu alikuwa akiniambia, nikadhani ni mapenzi tu."

Siku hiyo walikula wote wawili wakashiba, na hakuna aliyetega sikio mtoni.

Jumatatu, bibi akiota jua palepale juu ya mchanga, akaja mkaguzi, viatu mkononi, lori tupu nyuma yake.

"Mchanga wa mtoni ni mali ya serikali. Mtoe bibi hapo, tupakie."

"Mwambie mwenyewe," alijibu mchimba mchanga, akaketi ubavuni pa mkwewe.

Bibi alinyoosha miguu yake mibovu mbele ya tairi. "Nipakie na mimi, baba. Ila nina uzito wa maneno."

Dereva aliangua kicheko, akazima injini. Saa nzima ikapita. Mkaguzi akavaa viatu, lori likaondoka tupu, na nyumba mpaka leo imesimama. Lakini kabla mkaguzi hajapanda lori, bibi alimrushia swali mgongoni, lake na la wakubwa zake:

"Mkishauzoa huu, baba, huo mto mtaulisha nini?"