Kikombe cha Wifi na Povu la Mama Pacha

Kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, shuka za wodini huteremshwa chumba cha kufulia zikiwa mafurushi kumi na mawili. Mashine ya kufulia ina karatasi mlangoni inayosema mafundi wanalishughulikia suala lake. Karatasi yenyewe imeshabadilishwa mara mbili kwa kuchakaa. Kwa hiyo Mama Pacha na wifi yake, mke wa kaka yake, hufua kwenye sinki mbili za saruji, mikono mitupu, kwa kuwa glavu zimeagizwa.

Wodini watu wana haraka. Sindano iliyokwisha kazi husahauliwa ndani ya mkunjo wa shuka, na mkono wa dobi ndio unaoikumbuka. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwahi kufua hapa, la sivyo wangetaja shuka. Mwaka jana wifi alichomwa kidole gumba. Alimeza dawa kwa siku ishirini na nane, akasubiri majibu miezi mitatu, na muda wote huo hakumruhusu mtu kugusa kikombe chake cha bati, ingawa daktari alimwambia kikombe hakina neno. Majibu yalikuja mazuri. Kikombe hakukiachia hata hivyo, na aliporudi kazini alitia mikono majini huku amefumba macho.

Mama Pacha alimwona; hawakuwa mawifi wa kuambiana mengi. Akaanza tu kuimba mdomo ukiwa umefungwa, ule wimbo mzito aliowabembelezea wanawe wawili enzi zile wakilia kwa zamu. Povu likatetemeka. Viputo vilivyokuwa juu ya maji vikazama hadi chini, jambo ambalo si kawaida yake, na baada ya muda vikapanda vimebeba sindano, vitano mbele na vitano nyuma, vikailaza ukingoni mwa sinki.

"Hiyo ya wodi ya wanaume," wifi alisema, akaiokota kwa kibanio cha nguo.

Ikawa ndiyo kazi. Sauti ya chini ilileta sindano. Akiipandisha kidogo, vilikuja vifungo vya mashati. Wifi naye alijaribu, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba na viputo vilizunguka tu bila mpango.

"Wewe fua," Mama Pacha alimwambia. "Sauti hiyo inamtosha kaka yangu."

Msimamizi alishuka kujionea. Alisimama robo saa, akahesabu sindano kumi na moja, akashukuru kwa moyo mmoja, na kesho yake akaleta barua ya shukrani yenye mhuri. Aya ya pili ilieleza kwamba, kwa hali ilivyo, oda ya glavu imefutwa. Wodini nako walishukuru. Kwa vile sindano zilikuwa zinapatikana chini, waliacha kuzitafuta juu.

Kisha Jumatatu moja Mama Pacha alikuja na mafua, akajaribu kuimba, pasitoke kitu. Mafurushi kumi na mawili yalikuwa yamekwisha kulowekwa. Alikunja mikono ya blauzi, akamsogeza wifi yake kando kwa kiuno, akatumbukiza mikono kwenye sinki ambayo haikuwa yake.

Wifi alimshika kifundo cha mkono.

"Toa mikono, wifi."

Mama Pacha alitikisa kichwa.

"Miaka tisa niko kwenu na sijakwambia asante hata siku moja. Nilidhani unajua. Haya, asante. Kwa kila siku niliyorudi nyumbani na vidole vyangu vizima, asante. Sasa toa mikono, una watoto."

Akaanza kuimba. Sauti ilitoka nyembamba kama siku zote, na viputo vikazunguka. Akaishusha. Akaishusha tena, mpaka ikafika chini kama alivyokuwa akilia ile miezi mitatu ya kusubiri majibu, uso ndani ya mto, ili mumewe asisikie. Viputo vikasimama. Kwanza vilileta kifungo cheupe, wakangoja. Halafu vikaleta sindano, polepole, ikiyumba njia nzima, vikailaza ukingoni.

Mama Pacha alicheka bila sauti huku machozi yakimtoka. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

Zilitoka tisa siku hiyo, na hakuna aliyechomwa. Saa ya mapumziko wifi alichemsha tangawizi, akaimimina kwenye kikombe chake cha bati na kumpa Mama Pacha. Mama Pacha alikunywa nusu, akamrudishia. Wifi akamalizia palepale, bila kufuta ukingo.

Ofisi ilifurahi kusikia kwamba sauti sasa ni mbili. Jumatatu iliyofuata ilituma barua nyingine ya shukrani, pamoja na mafurushi kumi na sita.