Mlango wa Kijani na Ushuru wa Vita

Walipokuja kuung'oa mlango, Marcella alikuwa ufuoni akigeuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu kuukuu alizotandaza mchangani. Alipanda nyumbani kwa kasi ya magoti yake, akawakuta askari wawili wa naibu chifu wameshaubeba kichwani, ule mlango wa mbao, wa rangi ya kijani, ambao marehemu mumewe aliununua Homa Bay na kuusafirisha kwa mashua. Kosa la Marcella lilikuwa kukataa kutoa ushuru wa vita.

Vita vyenyewe vilikuwa vya wizi wa ng'ombe huko mpakani, mbali na kijiji chao kidogo kilicho kati ya Sori na Muhuru Bay. Naibu chifu alitangaza barazani kwamba walinzi wanalala nje kwa ajili yao, kwa hiyo kila nyumba itoe chochote. Alianza kwa kutaka kuku. Akaja kutaka beseni la omena, halafu taa. Marcella alitoa vyote bila kunung'unika, maana aliwahurumia vijana wa watu wanaonyeshewa. Mpaka siku alipomwona kuku wake, yule mwenye kidole kilichopinda, akitembea na vifaranga uani kwa naibu chifu. Alipoitishwa tena, alisema vita hivyo havitapata kitu kingine kwake.

Mjukuu wake Dolphine alikuwa na pumu. Upepo wa ziwa ulipoanza kuingia bila kizuizi, kifua cha mtoto kikaanza kupiga miluzi. Marcella alitundika blanketi mlangoni, lakini upepo uliliinua kama leso.

Jioni hiyo askari mmoja, Gisiri, alirudi peke yake. Alimletea bawaba na misumari aliyoiokota mlango ulipong'olewa. Alimwambia kwamba walinzi wa mpakani hawajaonja hata omena mmoja, na mlango wake sasa unafunga banda jipya la kuku la mkubwa wake.

"Usinitaje, mama," alisema, akaondoka.

Mwalimu Okari, jirani aliyefundisha historia, naye alikuja kumjulia hali mtoto. Alileta mafuta ya kuchua kifua, na kitabu alichokifunga kwa gazeti ili kisichafuke. Ndani mlikuwa na picha ya Uingereza, ya zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Alimweleza Marcella kwamba mfalme wa huko alipigana ng'ambo, na ili kulipia vita akatoza ushuru wa chumvi, wa mishumaa, hata wa madirisha, mpaka maskini wakaziba madirisha yao kwa matofali wakakaa gizani. Pichani, mkulima aliyekonda alikuwa amepiga magoti na mikono chini. Mgongoni mwake walikuwa wamekaa waziri mnene na jemadari, wakiuchota uji kutoka mdomoni mwake kwa kijiko.

Marcella aliitazama kwa muda mrefu. Aliuliza kama mchoraji alifungwa.

"Walimtisha," alisema Okari. "Lakini picha ilikuwa imeshachapishwa, na kila duka lilikuwa limetundika nakala yake. Wangefunga mji mzima?"

Krismasi ilikuwa inakaribia, na wanawake walikuwa wanasiriba nyumba zao. Ukuta ni wa mwanamke; hakuna mwanamume anayemwambia atie nini hapo. Kwa kawaida Marcella alichora maua na samaki. Mwaka huo, kwa udongo mweusi na majivu, alichora mwanamke aliyeinama, na mgongoni mwake mtu mnene mwenye kofia ya serikali. Mtu huyo alikuwa na kuku kwapani na mlango kichwani.

Naibu chifu alipata habari, akaja mwenyewe. Aliuliza huyo ni nani.

"Ni mtu anayebebwa," alisema Marcella. "Ukimfahamu, mfikishie salamu zangu."

Akaamuru picha isiribwe siku hiyo hiyo, kabla D.O., mkubwa wake wa tarafa, hajafika kwa baraza la sikukuu ya Jamhuri, la sivyo mabati ya paa nayo yatafuata mlango. Kwa kuwa aliitaka kazi iishe upesi, alimwambia awaite wanawake wenzake wamsaidie, kama ilivyo desturi. Hilo ndilo lililomponza.

Walikuja na ndoo za udongo. Nyakerario, muuza mandazi, ambaye baiskeli ya mumewe ilichukuliwa, aliiona picha akacheka mpaka akajishika mbavu. Wakausiriba ukuta ukawa laini kabisa, kama walivyoagizwa. Halafu kila mmoja akarudi kwake na udongo uliobaki.

Siku ya Jamhuri, D.O. alishuka kwenye Landirova akatembea ukuta hadi ukuta. Hapa pamechorwa baiskeli, pale mbuzi, kwingine taa na beseni, na kila mahali kofia ile ile. Aliuliza, akajibiwa. Mwisho akasimama kwa Marcella, penye ukuta mtupu.

"Yangu niliambiwa niifute," alisema Marcella. "Ila tundu hili la mlango sikuweza kulifuta."

Wiki hiyo vitu vilirudishwa. Naibu chifu hakuomba msamaha wala hakupoteza kofia. Aliwagawia watu mali yao kama anayetoa zawadi. Mlango wa Marcella ulikuwa umekatwa kwa msumeno upande wa chini ili utoshee bandani, na umejaa kinyesi cha kuku. Marcella aliusugua kwa sabuni na mchanga, mdomo ameukaza.

Gisiri alikuja na ubao wa kuongezea chini ya mlango, mchana kweupe safari hii. Okari alishika, yeye akapigilia. Dolphine akalala bila miluzi. Gisiri alisema angetafuta rangi ya kijani ili kiungo kisionekane.

"Acha, mwanangu," alisema Marcella. "Kila atakayepiga hodi hapa apaone palipokatwa."